Elfu Kumi kwa Siku: Mwanafunzi wa Mlimani Alale Wapi?

Ukiuliza bei ya malazi kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kampasi ya Mlimani, kila anayekujibu ana kipimo chake. Chuo kinataja bei ya siku. Mwenye hosteli binafsi anataja ya muhula. Mwenye nyumba wa Msewe au Changanyikeni anataja ya mwezi, lakini mkononi anataka ya miezi sita. Shangazi wa Mbagala hataji bei yoyote, anasema tu mtoto aje. Ndiyo maana mzazi aliyeko Songea au Kigoma, anayepiga hesabu kwa simu na mwanawe aliyepata udahili, hujikuta akilinganisha vitu visivyolingana, na chumba cha "elfu sitini tu" kikaonekana nafuu kuliko kilivyo.

Mimi nahesabu kila kitu kwa siku ya masomo, kwa sababu hela yenyewe inahesabiwa hivyo. Posho ya chakula na malazi inayotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo wanafunzi wanaiita bumu, ilikuwa Sh 8,500 kwa siku hadi ilipopandishwa kuwa Sh 10,000 kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023. Elfu kumi hiyo ndiyo chai, chakula cha mchana, cha usiku, sabuni, vocha na paa la kulalia, na inatoka kwa siku za masomo tu. Likizo ndefu haina bumu. Nimechukua mihula miwili ya wiki 17, jumla siku 238. Asiye na mkopo naye atumie siku hizohizo, maana mzazi wake anabeba mzigo uleule.

Tuanze na kitanda cha chuo. Kiwango ambacho wanafunzi wa Mlimani wamekizoea kwa miaka ni Sh 500 kwa siku, yaani Sh 119,000 kwa siku zote 238. Ni sehemu moja ya ishirini ya bumu. Hakuna mtu binafsi Dar es Salaam anayeweza kukulaza kwa bei hiyo, na sababu yake inaonekana ukiangalia Hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa Aprili 2017: majengo 20, wanafunzi 3,840, kwa takriban Sh bilioni 10. Gawanya, utakuta kila kitanda kiligharimu kama Sh milioni 2.6. Kwa kodi ya Sh 119,000 kwa mwaka, kitanda kimoja kingehitaji karibu miaka 22 kurudisha hela ya kukijenga, kabla hata ya kubadilisha bomba moja au kupaka rangi ukuta mmoja. Anayelala pale anapokea ruzuku kubwa kutoka serikalini, na ni haki yake kujua hivyo, kwa sababu nafasi hiyo akiiachia kwa uzembe wa kuchelewa kuomba kwenye mfumo au kuchelewa kulipia, hapati nyingine yenye bei hiyo mtaani.

Vitanda havitoshi. Ni jambo la miaka mingi, na limezaa desturi ya kubebana: mwenye kitanda anamkaribisha asiye na kitanda, na wawili wanalala kwenye godoro la mtu mmoja. Ukipita chumba cha aina hiyo saa tano usiku utawaona wamelala mzungu wa nne, begi la mmoja liko chini ya kitanda cha chini na la mwingine limening'inizwa kwenye nguzo ya dabodeka, na chaja nne zinagombea soketi moja. Kwa hesabu ya shilingi kubebana ni bure, au ni Sh 250 kwa siku kama wanachangia. Sikushauri. Ni kinyume cha taratibu za chuo, na anayeadhibiwa kwanza ni yule mwenye jina kwenye orodha. Zaidi ya hapo, anayebebwa hana mahali pake pa kuweka daftari, halali mpaka mwenyeji alale, na kunguni wakiingia chumba kimoja hawachagui nani alilipia. Wiki mbili za mwanzo ukitafuta chumba, sawa, rafiki ni rafiki. Mwaka mzima wa kubebana unalipwa kwenye matokeo.

Hosteli ya chuo iliyoko Mabibo ni kisa kingine. Tufanye kitanda chake ni bei ileile ya Sh 119,000. Lakini Mabibo si Mlimani. Darasa liko gari moja kutoka pale, na nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka Sh 500 hadi Sh 600 Desemba 2023. Kwenda na kurudi ni Sh 1,200. Kwa siku tano za wiki, wiki 34, ni siku 170 na Sh 204,000. Nauli imekizidi kitanda kwa mbali. Ukijumlisha vyote ni Sh 323,000, au karibu Sh 1,360 kwa siku ya masomo, na hapo hujarudi chuoni Jumamosi kwa majadiliano ya kikundi. Bado ni bei nzuri, na Mabibo ina mtaa ulioizunguka, wenye mama lishe ambao sahani yao ya ugali na dagaa haipatikani kwa bei hiyo ndani ya kampasi. Lakini mtu asiseme Mabibo na Mlimani ni bei moja.

Sasa geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, maana huko ndiko hela nyingi za wanafunzi zinakopotelea, na ndiko pia zinakoweza kuokolewa.

Nachukulia chumba kimoja cha kawaida, choo cha kuchangia, Sh 60,000 kwa mwezi. Ukikipata kwa bei hiyo jirani na chuo umetafuta kwa bidii. Chumba masta, chenye choo chake, kinaweza kukutoka mara mbili ya hapo au zaidi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, Sh 360,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, Sh 60,000, na wengine wanadai kitu kidogo cha kukuzungusha hata kama hukupenda chumba. Siku ya kukabidhiwa ufunguo umetoa Sh 420,000. Bumu la siku 60, kwa anayepata kiwango kamili, ni Sh 600,000. Zinabaki Sh 180,000 za siku 60, sawa na Sh 3,000 kwa siku, na hujanunua godoro, ndoo, sufuria wala jiko. Ukimsikia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analalamika mwezi wa pili kwamba bumu limeisha, usimhukumu haraka kwa kumwona ana simu mpya. Huenda alitoa zaidi ya theluthi mbili ya bumu lake siku moja, kwa dalali na mwenye nyumba.

Hilo ni tatizo la tarehe. Tatizo la pili ni kalenda. Masomo yanachukua kama miezi minane. Mwenye nyumba anauza kumi na miwili. Ukilipa miezi sita mara mbili ili usipoteze chumba, umelipia karibu miezi minne ya kuta tupu, wewe ukiwa nyumbani Singida unasaidia kuvuna alizeti. Miezi minne hiyo ni Sh 240,000. Chumba kisicho na mtu kimekula hela ambayo ingelipia kitanda cha chuo kwa miaka miwili.

Hesabu ya mwaka basi: kodi Sh 720,000, dalali Sh 60,000, na umeme, maji na taka tuseme Sh 10,000 kwa kila mtu kwa miezi minane ya kukaa. Ukiwa peke yako ni Sh 860,000, au Sh 3,613 kwa siku ya masomo. Mkiwa wawili, kila mmoja Sh 470,000, yaani Sh 1,975. Mkiwa watatu, kila mmoja Sh 340,000, yaani Sh 1,429 kwa siku. Na ile Sh 420,000 ya siku ya kwanza inagawanyika kuwa Sh 140,000 kwa kila mmoja, kiasi ambacho bumu linakistahimili.

Watatu kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi si raha. Nimeona jinsi kinavyopangwa: godoro la tano kwa sita chini, la futi mbili na nusu linasimamishwa ukutani mchana, nguo zote kwenye kamba moja kutoka dirisha hadi mlango, na mtungi wa gesi unakaa pembeni ya mlango ili utolewe nje wakati wa kupika. Hakuna meza, kujisomea ni maktaba au madarasa ya Yombo chuoni. Lakini kila mmoja ana ufunguo na jina lake kwenye mkataba, na hakuna anayemwambia zima taa, wewe ni mgeni. Tofauti hiyo kati ya watatu wa geto na wawili wa kubebana ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye shilingi.

Kitu kinachobadilisha mlinganisho wote ni jiko. Hosteli za chuo haziruhusu kupika vyumbani, na kwa majengo yenye mamia ya watu na nyaya zake, ni sawa. Maana yake ni kwamba anayelala kampasi anakula kwa kununua. Tuchukulie chai na chapati Sh 1,000, na milo miwili ya Sh 2,000: Sh 5,000 kwa siku bila soda wala nyama ya ziada. Jumlisha kitanda, ni Sh 5,500. Watatu wa geto wakinunua mchele, maharage, unga, mafuta na gesi ya pamoja na kupika kweli, kila mmoja anaweza kuishi kwa Sh 2,500. Jumlisha chumba, ni Sh 3,929. Wawili, Sh 4,475. Aliye peke yake, hata akipika, anafika Sh 6,113.

Kwa hiyo kitanda cha bei rahisi kuliko vyote si lazima kikupe maisha rahisi kuliko yote. Watatu wanaopika wanamshinda wa kampasi kwa zaidi ya Sh 1,500 kwa siku, karibu Sh 370,000 kwa mwaka. Nimerudia hesabu hii nikibadilisha bei za chakula juu na chini, na jibu halibadiliki sana mradi masharti mawili yatimie. La kwanza ni kupika kweli, si kupika wiki ya kwanza halafu chipsi mayai mpaka Julai. La pili ni kutembea kwa miguu kwenda darasani. Msewe na Changanyikeni zimepakana na chuo, Makongo nako kuna upande ambao mtu anatembea. Lakini ukihamia Kibangu au Kimara kwa sababu chumba kimepungua elfu kumi, nauli ya Sh 1,200 kwa siku itakuwa imekurudisha ulikotoka kabla mwezi haujaisha. Bodaboda ni mbaya zaidi. Safari moja ya Sh 1,500 kila usiku kutoka maktaba inafuta karibu akiba yote niliyoitaja.

Na hapo niseme wazi jambo ambalo wasichana wanalijua na matangazo ya vyumba hayalisemi. Kutembea kwa miguu saa mbili asubuhi na kutembea saa tano usiku si njia moja. Dalali akisema chumba kina tailizi, gipsamu, fensi, na kiko dakika tano kutoka barabarani, rudi mwenyewe usiku uione hiyo njia: ina taa au giza, ina maduka yaliyo wazi au pagala na majani. Uliza geti linafungwa saa ngapi; nyumba nyingi za familia zinafunga saa nne, na saa nne wewe huenda bado uko maktaba. Kama njia ya usiku inakulazimisha kupanda bodaboda, ingiza bodaboda kwenye kodi. Chumba cha Sh 60,000 chenye bodaboda ya Sh 1,500 kila usiku, siku tano kwa wiki, ni chumba cha zaidi ya Sh 90,000.

Umeme nao una mtego wake. TANESCO ina daraja la matumizi madogo ya nyumbani, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, ambalo bei yake ni Sh 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Daraja la kawaida ni Sh 292. Mwanafunzi mwenye taa, feni, simu na kompyuta hafiki uniti 20, lakini nyumba yenye vyumba sita na mita moja ya LUKU inafika uniti 120 kirahisi, hivyo wote mnanunua kwa bei ya juu, karibu mara tatu ya ile mngelipa kama kila mmoja angekuwa na mita yake. Kwenye korido ya nyumba hizo kuna daftari limefungwa kwa uzi, limeandikwa zamu za kununua umeme, na ugomvi wa wapangaji ukiufuatilia mwanzo wake uko kwenye daftari hilo: chumba namba mbili ana friji, chumba namba tano ana hita ya maji, na wote wanachangia sawa. Kabla hujalipa, uliza LUKU ni ya wangapi na nani ana friji. Kwenye chumba chenye LUKU yake kuna habari ya kodi ya majengo, inayokatwa kwenye ununuzi wa umeme tangu Agosti 2021: ilianza Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda Sh 1,500 mwaka 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Kwa mwaka ni Sh 18,000, na unayo haki ya kumwomba aipunguze kwenye kodi yako ya pango. Tunza risiti za LUKU.

Maji nayo yatazame bombani, usiyaamini maneno. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao, nyumba zenye tenki na zisizo na tenki zilijulikana. Fungua bomba, angalia tenki lipo na lina ukubwa gani, kisha muulize mpangaji mmoja mwenye nyumba akiwa hayupo.

Hosteli binafsi nitazipita haraka, kwa sababu zinatofautiana mno. Kitanda cha Sh 70,000 kwa mwezi kwenye chumba cha wanne, kwa miezi minane, ni Sh 560,000, au Sh 2,353 kwa siku. Faida yake ni kwamba unalipia muhula tu, hulipi dalali, na umeme, maji na mlinzi vimo ndani ya bei. Kwa mzazi mwenye binti anayekuja Dar kwa mara ya kwanza akakosa kitanda cha chuo, mlinzi getini na matroni vina thamani, na sitamwambia mtu asivilipie. Lakini kama hawaruhusu kupika, ukijumlisha ile Sh 5,000 ya chakula cha kununua umefika Sh 7,353 kwa siku kabla ya nauli, na bumu limebakiwa na Sh 2,647 za kila kitu kingine. Swali la kwanza kwa mwenye hosteli binafsi liwe jiko, intaneti ije baadaye.

Kwa ndugu, tuseme Mbagala: magari mawili kwenda, mawili kurudi, Sh 2,400 kwa siku kwa uchache. Kwa siku 170 ni Sh 408,000, sawa na Sh 1,714 kwa siku ya masomo, zaidi ya chumba cha watatu Msewe. Na kama njia inachukua saa tatu kwa siku, kwa foleni za Dar si nyingi, ni saa 510 kwa mwaka ndani ya daladala, ukiwa umesimama. Undugu una thamani yake, na chakula cha nyumbani ni chakula. Ila mpwa anayefika saa moja usiku atakuta vyombo vinamsubiri, na shangazi hatakosea kumwachia, kwa sababu yeye naye ametoka kazini. Mtihani wa mwisho ukikaribia, huyu ndiye wa kwanza kuomba kubebwa. Kwa anayesomea Mlimani na ndugu yake yuko Sinza, Mwenge au Survey, hesabu inageuka kabisa, hapo nisingesita.

Kama ningeulizwa na mdogo wangu, ningemwambia hivi. Mwaka wa kwanza pigania kitanda cha chuo, hata kama chakula kitakuwa ghali, kwa sababu hujui jiji, bumu la kwanza linasubiri usajili na kusaini, na huna hela ya miezi sita mkononi. Tumia mwaka huo kutafuta wenzako wawili wanaojua kupika na kulipa kwa wakati. Mwaka wa pili, kama mmepata chumba cha kutembea kwa miguu, hamieni huko mkiwa watatu, au wawili kama mnaweza. Geto la peke yako liache mpaka uwe na mshahara.

Mkishakubaliana chumba, yaliyobaki ni karatasi. Mkataba uandikwe, majina yote matatu yawemo, na usainiwe mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa. Muhuri wa mtaa unasaidia siku mwenye nyumba akibadilika maneno. Hakikisha anayepokea hela ndiye mwenye nyumba, kwa kuwauliza majirani na mjumbe, na kodi ipite benki au kwenye simu ili rekodi ibaki. Ombeni miezi mitatu mitatu. Wengi watakataa, wengine watakubali kwa nyongeza ya elfu tano kwa mwezi, na nyongeza hiyo ni nafuu kuliko kukaa na njaa Desemba. Kwa miezi ya likizo, mwambieni mwenye nyumba mapema, mwezi wa nne au wa tano, kwamba mtatoka mwanzoni mwa Julai na mngependa kurudi mwishoni mwa Oktoba. Akikubali kuwashikia chumba kwa nusu kodi, Sh 30,000 kwa mwezi kwa miezi minne, watatu mtagawana Sh 120,000 badala ya Sh 240,000. Akikataa, mpeni notisi, tokeni, na mizigo mpeleke kwa yule ndugu wa Mbagala.